Jinsi ya kuchagua grafiki na sura ya ardhi kwenye gemu za vita vya kihistoria, tukitengeneza ramani ya Tanga 1914

Wadau, leo tuongee ramani. Kwenye gemu za vita vya kihistoria, zile za kompyuta za kucheza kwa zamu, watu wanabishana sana kuhusu nguvu ya kifaru na idadi ya bunduki, lakini kinachoamua kama gemu inachezeka ni ardhi. Yaani uangalie skrini sekunde mbili tatu tu uwe umeshajua wapi unapita, wapi utaonekana na wapi utakwama. Ramani isiyokwambia hivyo, hata iwe imechorwa kwa ufundi gani, utakuwa unabonyeza kila kigae (kipande kimoja cha ramani) kusoma maelezo yake na mwisho wa siku unaifunga unaenda kulala. Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu na mwongozo wote nimeujenga juu yake: ardhi isomeke kwanza, kupendeza kufuate.

Mfano ni Tanga, Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu ni vita iliyopiganwa kwetu, eneo lake ni dogo, na ardhi yenyewe ilichangia sana matokeo. Kwa asiyeijua: usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Waingereza walianza kushusha jeshi la watu kama 8,000, wengi Wahindi, chini ya jenerali Aitken, upande wa Ras Kasone mashariki ya mji. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa waliletwa na treni kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Ili kufika mjini ilibidi wale walioshuka wapite mikoko, vichaka, mashamba ya miti ya mpira na mkonge, halafu wakutane na reli iliyochimbiwa chini, ambayo kwa anayejihami ni handaki tayari. Tarehe 4 ndani ya yale mashamba vikosi vikapotezana, nyuki wakachafuka kwenye mizinga yao wakavamia watu, Wajerumani wakapiga ubavu wa kusini, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini wakiwa wameacha waliokufa na kujeruhiwa zaidi ya 800.

Sasa chukua vigae vya kawaida vinavyokuja na gemu nyingi, msitu wa Ardennes, shamba la ngano, kijiji cha mawe chenye kanisa, halafu vipange viwe Tanga. Mchezaji ataona kijani kibichi atadhani msitu mnene haupitiki, kumbe ni miti ya mpira iliyopandwa kwa mistari, unapita vizuri tu ila kombania ya jirani yako huioni. Ardhi imemdanganya, na akishadanganywa mara moja haiamini tena ramani yako. Ndo maana nasema kwa vita vya huku kwetu vigae lazima tuchore wenyewe.

Kwanza chagua unaangalia kutoka wapi

Kuna namna kama nne. Ya kwanza ni ramani bapa ya kuangalia kutoka juu, yenye heksi (vigae vya pembe sita) na vibao vya alama vinavyosimamia vikosi, ndo mtindo uliotoka kwenye gemu za mezani (kampuni ya Avalon Hill walianza kutumia heksi mwaka 1961, na sababu yake bado ipo palepale: kwenye heksi majirani wote sita wako umbali sawa, kwenye mraba ukienda mshazari unasafiri mara 1.41 kwa bei ya hatua moja). War in the East ya 2010 iko hivyo. Ya pili ni heksi zilizochorwa kwa picha, vifaru na watu wanaonekana, kama Panzer General ya 1994 na Steel Panthers ya 1995. Ya tatu ni picha nzima ya uwanja iliyochorwa kwa mkono bila heksi, Close Combat ya 1996 ilifanya hivyo na mpaka leo naona ni kati ya ramani nzuri kabisa zilizowahi kuchorwa, kila ukuta na kila shimo vina maana yake. Ya nne ni 3D kamili kama Combat Mission iliyotoka 2000.

Chagua kwa kuangalia kibao kimoja kinawakilisha watu wangapi. Kama ni kikundi cha watu kumi, mchezaji anahitaji kuona ukuta na mti mmoja mmoja, hapo picha nzima au 3D ina kazi. Kama ni kombania au kikosi, mti mmoja hauna maana tena, unachohitaji ni aina ya ardhi kwa eneo, hapo ramani bapa inashinda na inashinda kwa mbali. Gemu za TalonSoft za Battleground zilikuwa na mwonekano wa 3D na wa bapa kwenye gemu moja, na mimi ukinipa nafasi nitaenda kwenye bapa kila siku kwa sababu kwenye ule wa kuinamisha kilima kinaficha bonde la nyuma yake na hilo bonde ndo unalitaka. Unity of Command ya 2011 wengi wanaipenda kwa rangi zake safi, na sababu yake nadhani ni kwamba walikuwa na roho ya kuacha vitu nje, ramani ina aina chache za ardhi na kila moja unaitambua bila kufikiria.

Tanga tunacheza kwa kombania, kwa hiyo bapa yenye heksi.

Halafu piga hesabu kabla hujagusa rangi

Sehemu hii watu wanairuka afu wanakuja kulia mbele. Chukua eneo la kilometa 6 kwa 4, linatosha kubeba Ras Kasone, mji, bandari na nafasi ya kuzunguka kusini. Ukiweka heksi ya mita 100 unapata heksi kama 2,770. Ukiweka ya mita 250 unapata kama 440. Sasa angalia mashine. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo zina skrini ya 1366 kwa 768, na heksi ya upana wa pikseli 64 inakupa safu 21 kwa mistari 14 hivi, yaani heksi kama 290 kabla hujatoa nafasi ya vitufe. Kwa hiyo ramani ya mita 250 unaiona karibu yote ukisogeza kidogo tu, ya mita 100 inataka skrini tisa kumi na mchezaji atapotea. Kwa upande mwingine, mita 250 inaumeza mkato wa reli (ile sehemu iliyochimbiwa chini) wote ndani ya heksi moja na mji unabaki na heksi chache. Mi ningeenda na 150, unapata heksi kama 1,230, mji unapumua na bado mtu anaweza kushika ubavu wote kichwani. Ukitengeneza kampeni nzima ya kaskazini, Tanga mpaka Moshi, hesabu inabadilika kabisa na hata mkato wa reli huuchori.

Ukubwa wa kigae chenyewe: heksi iliyosimama kwenye ncha, ikiwa sawasawa kabisa kihesabu, upana wake ni 0.866 ya urefu, inakupa namba zenye desimali na desimali zinaleta mistari myeupe kati ya vigae. Tumia 64 kwa 72. Inapishana na heksi kamili kwa chini ya asilimia 3, jicho halioni, na namba zote zinakaa vizuri, mstari mmoja hadi mwingine ni pikseli 54 na safu inasogea 32. Kwenye programu ya Tiled (ni ya bure, nyepesi, inaenda hata kwenye mashine ya zamani) weka aina ya ramani ya heksi, upana 64, urefu 72, upande wa heksi 36, na kila kitu kitakaa mahali pake.

Kupata sura ya kweli ya ardhi

Kwa miinuko kuna data ya SRTM, ile iliyopimwa kwa chombo cha angani Endeavour Februari 2000, inapatikana bure kwa nukta ya mita 30. Ifungue kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani), ibadilishe kwenda kwenye mfumo wa vipimo vya mita wa UTM kanda 37 kusini (namba yake ni EPSG 32737, Tanga na Dar zote ziko humo) usipofanya hivyo vipimo vinabaki kwenye digrii na kivuli cha milima kinatoka cha ajabu. QGIS hiyohiyo ina kifaa cha kuunda gridi ya heksi, ukimaliza unaiambia ikupe wastani wa mwinuko kwa kila heksi, na hapo umepata ardhi bila kukisia.

Ila jua mipaka yake. SRTM ni ya 2000 sio 1914, inapima juu ya majani ya miti sio udongo, na kitu chembamba kama mkato wa reli hakionekani kabisa kwenye nukta ya mita 30. Uwanja wa Tanga wenyewe ni wa chini na karibu bapa, kwa hiyo kusema kweli mwinuko hapa hauna stori kubwa, stori iko kwenye mimea na reli. Ukienda Usambara, au Uluguru ambako kilele kinapita mita 2,600, hapo mwinuko ndo ramani.

Ufukwe na mkondo wa mito chukua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, halafu ondoa kila kitu cha leo. Dar tuna bahati, kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015 iliwaingiza wanafunzi na watu wa mitaa kuchora mitaa inayofurika, mifereji na nyumba, kwa hiyo ukitaka kutengeneza Dar ya Septemba 1916 (mji ulichukuliwa na Waingereza tarehe 4) mabonde ya Msimbazi na vijito vyake unayapata vizuri sana. Kwa sura ya zamani tafuta ile mfululizo wa ramani za Wajerumani, Karte von Deutsch-Ostafrika, ya 1 kwa 300,000, ya Sprigade na Moisel. Sentimita moja ni kilometa 3 kwa hiyo haikusaidii kwenye uwanja mdogo kama wa Tanga, ila kwa kampeni ni dhahabu, njia za miguu, visima, majina ya vijiji na wakuu wake, vyote vipo. Na ukiitazama kwa makini utagundua waliacha sehemu nyeupe pale wasipojua, na mi naona gemu inaweza kuiga hilo, heksi ambayo hakuna aliyeipita iwe na rangi hafifu mpaka kikosi chako kifike.

Rangi

Kanuni yangu ni fupi. Ardhi rangi zilizopoa, vikosi rangi zilizokolea. Kwenye programu za kuchora kama GIMP au Krita angalia ukolevu wa rangi, ardhi isipite asilimia 35, vibao visishuke chini ya 60. Mwanga wa ardhi uwe wa kati, usiende giza wala weupe sana, ili kivuli na maandishi vipate nafasi ya kuonekana.

Kosa linalojirudia kwenye gemu nyingi zinazogusa Afrika ni hili: Waingereza wanapewa kibao cha rangi ya kaki au mchanga, ni desturi ya muda mrefu tangu mezani. Jangwani kwenye ramani ya njano iliyokolea inaweza kwenda. Lakini weka kibao cha kaki juu ya nyika ya kiangazi ambayo nayo ni kaki, kikosi kizima kinayeyuka machoni, unakuja kukikumbuka zamu tatu baadaye kimekaa bila kazi. Kwa Tanga wape Waingereza bluu ya kati au nyekundu ya matofali, Wajerumani kijivu cheusi, na kila kibao kizungushie mstari mweupe wa pikseli 1 na mweusi nje yake. Sare za kweli hazikusaidii kitu hapa maana pande zote mbili walivaa kaki.

Tena usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha kitu muhimu, kuna wanaume wengi tu ambao macho yao hayazitengi hizo rangi mbili na wengine hawajui. Pima hivi: igeuze picha nzima iwe ya nyeusi na nyeupe. Kama bado unatofautisha mkonge na kichaka, umefaulu. Kama vimekuwa kijivu kimoja, tofauti uliyoweka ni ya rangi tu, ongeza ya umbo.

Umbo la kila ardhi

Hapa ndo pana utamu na hapa nitakaa. Kumbuka kitu kimoja kabla ya chochote: kibao kinakaa katikati ya heksi. Heksi ya 64 kwa 72 ina eneo la pikseli 3,456, ukiweka kibao cha 48 kwa 48 umefunika theluthi mbili yake. Kwa hiyo ule mti mzuri uliouchora katikati hakuna atakayeuona pale anapouhitaji, yaani pale kuna kikosi. Punguza kibao kiwe 40 kwa 40, unafunika chini ya nusu, na alama ya ardhi isogeze pembeni, kwenye zile kona za juu na chini. Ardhi itambulike kwa kona zake.

Mkonge: mistari iliyonyooka, sambamba, nukta za kijani kilichochanganyika na kijivu zenye ncha, udongo mwekundu unaonekana katikati ya mistari. Ule mstari ndo unamwambia mchezaji kwamba mtu kapanda, sio pori. Mkonge uliletwa mwaka 1893 kwa hiyo kufikia 1914 mashamba yalikuwa yamekomaa. Kwenye kanuni, unaona mbali kidogo ukifuata mistari lakini kuikatiza ni kuchanwa na miiba, na mi huwa napenda mistari ielekee upande mmoja kwenye shamba zima, ukizungusha kigae ovyo shamba linaonekana limepandwa na kichaa.

Miti ya mpira: pia mistari, ila ni miduara ya vivuli vinavyogusana, chini giza. Hapa kuona ni shida, kupita ni rahisi. Ukiweka mkonge na mpira zikawa na mistari inayofanana, tofauti ibebwe na umbo la nukta, ncha dhidi ya mduara, na giza. Kichaka hakina mpango, madoa ya ukubwa tofauti yametawanyika. Minazi ya pwani nyota ndogo zenye kivuli kirefu, zimeachana, unapita na unaona.

Mikoko ndo ngumu kuliko zote kwa sababu si nchi si maji. Maji yakijaa ni bahari, yakipwa ni tope, na wakati wa bamvua tofauti ni mita kadhaa. Chora vigae viwili vya heksi ileile, kimoja cha maji kujaa na kimoja cha kupwa, mizizi iwe ileile kwenye vyote ili mchezaji ajue ni mahali palepale, kinachobadilika ni rangi ya chini, bluu ya kijivu au kahawia ya tope. Gemu ibadilishe kila baada ya saa sita na kitu. Wabunifu wa Ulaya wamezoea kubadilisha vigae vya kiangazi kuwa vya theluji, kwetu kazi hiyohiyo inafanywa na maji. Na kwa bara unabadilisha kiangazi na masika: mbuga yenye udongo mweusi kiangazi ni barabara ya wazi, masika ni mtego wa tope, na mwanzoni mwa 1917 bonde la Rufiji lilifurika kiasi kwamba vita vyenyewe vilikwama. Kigae cha mbuga kavu kiwe na nyufa nyembamba, ili mchezaji anayejua pwani na bara aelewe mapema kwamba hapa mvua ikinyesha nimekwisha.

Kila aina ichore matoleo matatu au manne, vinginevyo jicho linaanza kuona doa lilelile linajirudia ramani nzima na inachosha. Nyumba za mji, zile za mawe za bandarini na za udongo za pembeni, tofautisha kwa paa tu, bati na makuti, inatosha.

Mito, reli na njia

Mto upite kwenye mpaka wa heksi au katikati yake? Panzer General mito inakaa ndani ya heksi, kikosi kinasimama mtoni kabisa. Gemu nyingi za ngazi ya kombania na kikosi zinaweka mpakani, ukivuka ndo unalipa. Kwa Tanga weka mpakani, na mkato wa reli nao uuweke mpakani vilevile, kwa sababu ndo unakuwa mstari wa kujihami: anayekaa magharibi yake anapata kinga, anayekuja kutoka mashariki analipa kushuka na kupanda. Uchore kwa mistari miwili yenye meno madogo yanayoelekea ndani, reli yenyewe nyembamba katikati.

Barabara zinatoka katikati ya heksi kwenda pande zake sita, na michanganyiko yake yote ni 64. Usichore 64. Chora vipande sita tu, kila kimoja kutoka katikati kwenda upande mmoja, uvipange juu ya vingine, na doa dogo la kuunganisha katikati. Kama gemu unayoibadilisha inadai yote 64 unaweza kuyatoa humohumo kwa kuunganisha vipande, nusu siku kazi imeisha. Ila kivuli weka mwishoni, baada ya kugeuza geuza, maana mwanga lazima utoke upande mmoja.

Na huo upande uwe juu kushoto. QGIS yenyewe inaanza na digrii 315 na hiyo ndo desturi ya wachora ramani. Jua halisi la Tanga halikai huko mara nyingi, najua, lakini mwanga ukitoka chini macho yanageuza kila kitu, kilima kinakuwa shimo na bonde linakuwa mgongo. Kivuli cha milima kipandishe juu ya rangi kwa njia ya kuzidisha (Multiply kwenye programu), uwazi asilimia 30 hivi, kisizidi hapo.

Njia za miguu zichore, tafadhali. Gemu nyingi zinaonyesha barabara na reli tu kana kwamba vita hii ilisafirishwa kwa malori, wakati mzigo ulibebwa vichwani na wapagazi, na maelfu ya farasi na nyumbu wa Waingereza walikufa 1916 kwa ugonjwa wa mbung'o. Ukifanya kampeni, mbung'o ni ardhi kabisa, ni tabaka lake: nukta ndogo za rangi ya zambarau kwenye kona moja ya heksi, zinawashwa na kuzimwa kwa kitufe. Njia ya wapagazi iwe mstari wa nukta nukta, hafifu kuliko barabara lakini usikatike, maana hao watu ndo waliobeba vita yote na kwenye ramani angalau waonekane.

Vibao, gridi na majina

Alama za NATO, msalaba kwa askari wa miguu, mstari mmoja wa mshazari kwa farasi, nukta kwa mizinga, hazikuwepo 1914 kwa jina hilo lakini zinasomeka haraka, na pale juu unaweka mstari mmoja kwa kombania, miwili kwa batalioni. Ukitaka picha badala ya alama, chora kichwa tu, kwenye pikseli 40 mtu mzima anakuwa mdudu. Askari wa Kijerumani kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, Mhindi kilemba, Mwingereza kofia ngumu ya jua, hizo tatu zinatofautika hata kwa kivuli. Kwa mkao wa mwili kwenye picha kubwa za utangulizi, nenda pale Posta uitazame Sanamu ya Askari, ipo tangu 1927, zunguka pande zote upige picha, namna anavyoinama na bunduki huwezi kuipata kwenye intaneti kwa pembe zote.

Mstari wa gridi uwe uwazi asilimia 20 na uwe na kitufe cha kuuzima. Majina tumia ya wakati ule kwenye kampeni lakini yetu yawe chini yake kwa herufi ndogo, Wilhelmstal na chini yake Lushoto, Bismarckburg na chini yake Kasanga, mchezaji wa hapa asihitaji kwenda kutafuta ni wapi kwao.

Kupima na kufunga kazi

Piga picha ya skrini ya ramani ikiwa na vibao, ipunguze nusu, tuma kwa mtu ambaye hajawahi kucheza gemu za aina hii, hata dada yako au jamaa wa dukani, muulize maswali mawili tu: wapi huwezi kupita na wapi ungejificha. Usimwelekeze. Akiotea mikoko na mkato wa reli na akajificha kwenye mpira, ramani inasema ukweli. Akijificha kwenye mkonge rudi kwenye kigae cha mkonge, kimekuwa cheusi mno. Angalia pia mwanga wa skrini ukiwa umeshushwa, wengi tunacheza hivyo umeme ukikatika na betri inaisha.

Kama unabadilisha gemu iliyopo, nakili folda yake ya grafiki pembeni kabla hujagusa faili hata moja, na uhifadhi kwa aina ileile uliyoikuta. Gemu za zamani zinatumia picha za aina ya BMP na rangi moja maalumu, mara nyingi ile pinki kali, kama sehemu ya uwazi, ukihifadhi kwa namna ya kulainisha kingo unapata pinki kuzunguka kila mti. Kama unaanza upya tumia PNG na upange vigae vyote kwenye picha moja ya 2048 kwa 2048, vinaingia 896 vya 64 kwa 72, na kwenye kumbukumbu ya mashine inakula MB 16 tu, hata laptopu isiyo na kadi ya grafiki inaibeba. Zipu yenyewe itatoka ndogo, mtu ataishusha bila kumaliza bando. Humo ndani weka na faili la maandishi linalotaja kila kigae, gharama yake ya kupita na umbali wa kuona, kwa Kiswahili, ili mwingine akitaka kutengeneza vita vya Mahiwa vya Oktoba 1917 asianze na ukurasa mtupu.